Kiganja Kimoja cha Granola

Wapishi vijana, najua nikiwapa kisogo mnaniita Mzee Granola. Jina hilo nimelisikia gatini Kilindoni, nimelisikia sokoni, na harusini mwezi uliopita mshereheshaji alilitangaza kwenye kipaza sauti, watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Sijakasirika hata kidogo. Jina hilo mimi nimelitolea jasho, na mke wangu nusura alitolee mguu.

Nimepika miaka ishirini na sita katika hoteli moja ya wageni pale Utende, mpaka magoti yaliponiambia basi. Nimezaliwa Jibondo, kwa baba fundi wa majahazi. Zamani zile kwetu mtoto wa kiume akishika mwiko badala ya tezo la kuchongea, watu walimwuliza kama anaumwa. Mimi nilishika mwiko. Baba alininunia wiki nzima, kisha akasema, "Haya, kama ni mwiko, basi uushike kifundi." Nimeushika kifundi, na hilo nalisema bila kuinamisha uso.

Granola ililetwa jikoni kwetu na mgeni mmoja mwanamke, aliyekuja kuwatazama papa potwe, wale wakubwa wenye madoadoa. Asubuhi ya pili aliukataa mkate, akayakataa na maandazi, akamwomba Bi Arafa granola. Bi Arafa ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wetu, mwanamke wa Chole, mfupi, mkali, mwenye uwezo wa kumtazama samaki jicho akakwambia amevuliwa jana au leo. Alimjibu mgeni kwa heshima zote, "Leo imekwisha, kesho ipo." Halafu akaingia jikoni, akanikamata mkono.

"Shomari, granola ndiyo nini?"

Nilikuwa sijui zaidi yake. Ikabidi nirudi kwa mgeni, nijifanye nataka kujua anaipenda ya namna gani. Aliniandikia kwenye karatasi: shayiri bapa, njugu, mbegu, mafuta kidogo, asali, changanya, oka hadi iwe rangi ya dhahabu. Kuoka! Tanuri wakati huo hatukuwa nalo. Tuliweka sinia ndani ya sufuria pana, makaa ya vifuu chini, mengine juu ya mfuniko, kama tunavyopika mkate wa kumimina. Nikageuka kukuna nazi, na niliporudi moshi ulikuwa umefika mapokezi. Bi Arafa alichukua punje moja, akaitafuna, akaitema.

"Mpelekee baba yako azibie nyufa za jahazi," akasema.

Leo nyinyi mna majiko ya gesi yenye saa, tena mnatazama video kwenye simu huku mnakoroga. Sawa, lakini saa haina pua. Granola mnaipika kwa pua. Ikianza kunukia korosho, ipindue. Ikinukia mara ya pili, itoe, hata kama bado ni laini. Haikauki motoni, inakauka ikipoa, na wengi wenu mnaiunguza kwa sababu mnaingoja ikauke machoni penu. Nazi mnaitia mwishomwisho kwa kuwa inaungua upesi kuliko yote. Zabibu na tende hazigusi moto kabisa, zikiguswa zinakuwa changarawe, na mimi mgeni mmoja aliwahi kuvunjika jino mezani kwangu. Halafu hewa yetu ya kisiwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo chombo kiwe cha kioo chenye mfuniko wa kukaza. Masika mkiona imelegea, msiitupe. Irudisheni motoni kidogo, itasimama tena.

Shayiri ilikuja kwa makopo kutoka Dar, na boti ikikwama, imekwama. Kuna wiki moja kopo liliisha na wageni wamejaa. Nilikwenda nyumbani nikachukua pepeta, ule mchele mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, ambao mama zetu walitulisha na nazi wakati wa mavuno. Nikaupika vilevile kama granola. Wageni waliufuta wote, mmoja akataka kujua tunaagiza kutoka nchi gani. Bi Arafa alimwambia, "Kutoka kwa mama yake Shomari." Siku hiyo nilitembea jikoni kifua mbele mpaka nikagonga kabati.

Sasa kosa langu kubwa lilianza hapohapo kwenye sifa. Sisi wa pwani mgeni hapewi bakuli nusu. Mimi tena ni mtu wa Jibondo, nimekulia mahali ambapo maji ya kunywa yaliletwa kwa boti na kila mtoto akapewa kata yake moja, usiombe ya pili. Mtu aliyekua hivyo akipata cha kujaza, anajaza. Nilikuwa nawawekea wageni granola kwenye mabakuli ya supu, ikachongoka juu. Mabakuli yakarudi yameliwa robo. Nikanuna. Nikaongeza asali, nikidhani haijakolea. Yakarudi vilevile.

"Wewe unawajazia," Bi Arafa aliniambia. "Hujamwona yule bibi wa potwe anavyokula? Mtindi bakuli zima, granola vijiko viwili juu, na papai. Halafu anakwenda kuogelea mpaka adhuhuri."

Nilimwona, lakini sikumtazama. Nilichokitazama mimi ni wembamba wao. Watu wa umri wangu, wengine wa umri wa mama yangu, wanapanda ngazi ya boti mbiombio. Nikajiambia siri iko ndani ya bakuli langu. Nikaanza kusema hadharani kwamba granola ni dawa. Mwezi wa Ramadhani nikawatumia majirani sahani nzima kwa futari, imefunikwa kwa kawa, na jirani mmoja aliitia maji akaipika uji, akanirudishia sahani na visheti juu na pongezi nyingi. Nikazidi kuvimba kichwa.

Mke wangu ni Bi Zuhura, naye ni mtu wa pweza. Tangu msichana anashuka mwambani maji yakipwa, na kijiti chake, na hurudi na pweza wanne au watano siku ambayo wenzake wamepata mmoja. Nyumba yetu ya mawe, hiyo mnayoipita mkienda kazini, nusu yake imejengwa kwa mwiko wangu na nusu kwa kijiti chake. Alipogundulika na kisukari alikubali masharti kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliacha sukari kwenye chai. Aliacha maandazi, akaacha vitumbua, akapunguza wali. Vidonge alimeza kwa saa. Mimi nikamwonea huruma, nikasema huyu mwanamke ananyimwa kila kitu, wacha nimletee kitu cha afya. Nikawa namletea granola ya hotelini, kopo kwa kopo, naye akala bakuli asubuhi na akaitafuna mchana akiwa barazani.

Kisha akakanyaga shokomzi mwambani, yule mdudu wa bahari mwenye miiba mwili mzima. Mwiba wa shokomzi kila mtu wa huku ameuonja, unatiwa maziwa ya papai, siku ya tatu umesahau. Yeye wiki ya tatu mguu ulikuwa umevimba na chini ya kidole gumba pamefanya kidonda kinachotoa maji. Tukaenda kliniki. Akasafishwa, akapewa dawa, akaambiwa aje kufungwa kidonda kila baada ya siku moja. Tukawa tunakwenda, na sukari yake ikawa inapanda badala ya kushuka. Daktari akatuita wote wawili, akasema bila kuzungusha: hali ikiendelea hivi atapelekwa Dar, na huko wanaweza kukata vidole, na ikibidi mguu.

Zuhura hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mtu wa mguu mmoja anashukaje mwambani?"

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Pendo, binti wa Iringa, ambaye nadhani alikuwa hajamaliza hata mwaka kisiwani. Akavuta kiti karibu na mke wangu.

"Mama, hebu niambie. Asubuhi unakula nini?"

"Chai kavu. Na granola ya huyu mume wangu, baba Mwajuma."

"Granola kiasi gani?"

Zuhura akaonyesha kwa mikono miwili, kama anapokea maji ya kunawa. Hapo mimi, badala ya kunyamaza, nikaona nimepata jukwaa. Nikamweleza Sista mapishi yangu yote, moja baada ya jingine: shayiri au pepeta, korosho, asali ya nyuki wadogo, sukari guru kidogo ili ishikane, mafuta ya nazi, tende, zabibu. Nilieleza vizuri, nawaambia. Wagonjwa wengine kwenye benchi walikuwa wananisikiliza.

Sista Pendo akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, shikamoo tena."

"Marahaba."

"Nakuamkia mara ya pili kwa sababu nitakalosema litakuuma. Hicho unachompa mama ni kashata. Umeivunjavunja tu."

Benchi zima lilicheka. Nilisimama nikatoka nje, nikamwacha mke wangu na mguu wake ndani. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, na siifichi. Kashata! Kile kitu cha watoto kinachouzwa nje ya madrasa! Mimi niliyesifiwa na wageni wa nchi zote, naambiwa na mtoto wa juzi kwamba nauza kashata. Njia nzima kurudi Utende sikumsemesha Zuhura, kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Lakini fundi ana ugonjwa wake, lazima apime. Kesho yake baada ya kifungua kinywa cha wageni, nilipanga masinia mawili sawasawa. La kwanza nikapika kashata ya korosho kama alivyonifundisha mama. La pili granola yangu. Nikatumia kikombe kilekile kwa yote mawili. Kashata ilimeza vikombe viwili vya sukari. Granola ilimeza kikombe kimoja na nusu cha asali na nusu kikombe cha sukari guru. Nikasema haya, zimekwenda sare. Kisha nikatazama lile rundo la tende na zabibu nililokuwa bado sijalichanganya.

Nilikaa juu ya debe. Bi Arafa alikuwa ameshastaafu wakati huo, jikoni nilikuwa mkuu mimi, hakuna aliyethubutu kuniuliza nina nini.

Jioni nilimkuta Zuhura barazani, mguu juu ya kigoda. Nikamwambia. Nilimweleza vikombe vyote, nikamwambia kosa ni langu, yeye hana. 

"Yaani chai nakunywa chungu miezi yote hii," akasema. "Vitumbua vya dada yangu navikataa mpaka ananuna. Kumbe sukari naletewa na mume wangu, kwa bakuli, na mimi nashukuru!"

Siku tatu hakunipa zaidi ya salamu. Siku ya nne, natoka kuswali alfajiri, nikamkuta amekaa jikoni, mguu kwenye kigoda kilekile.

"Nipikie nyingine. Safari hii nipo hapa nakuona."

Nilirudi kwanza kwa Sista Pendo, nikamwomba radhi mbele ya benchi lilelile. Alicheka, akachora duara kwenye karatasi. Nusu ya duara ni mboga, akasema, mchicha, matembele, bamia. Robo ni samaki, mayai au kunde. Robo iliyobaki ni wali, muhogo au mkate. Nikamwuliza granola inakaa wapi. Akaweka kidole kwenye ile robo ya muhogo.

"Mama akila granola asubuhi, basi mkate asubuhi hiyo haupo. Muhogo haupo. Inakaa mahali pao, haiwi nyongeza. Kiganja kimoja, na si kila siku. Na vidonge haviachwi, na kidonda kinafungwa hapa, sawa mzee?"

Vijana, miaka yote hiyo nilikuwa napika kitu nisichojua kinakaa wapi kwenye sahani. Nilikuwa nakipandisha juu ya kila kitu, kwa sababu nilikiamini. Hata chakula kizuri kikipandishwa juu ya kingine kinakuwa mzigo.

Basi nikaanza upya, na Zuhura juu ya kigoda kama mkaguzi wa bandari. Pepeta nikaiweka kando, nikachukua mtama niliouchemsha nusu na kuukausha juani, na shayiri kidogo. Korosho, mbegu za maboga, ufuta, nazi isiyotiwa sukari. Asali kijiko kimoja kwa sinia zima. Ilitoka vumbi tupu, haishikani, unakula unapiga chafya. Zuhura akasema hii hata kuku watakohoa. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu nilikuwa nimetenga viini vya mayai kwa kazi nyingine, ute mweupe umebaki kwenye kikombe, nikaukumbuka namna unavyong'ang'ania sufuria mpaka mtu atumie kucha. Nikaupiga kidogo, nikauchanganya na mdalasini na hiliki iliyotwangwa. Ikashikana! Ikapoa vipande vipande, vikavu, vinavyovunjika kwa sauti. Utamu ulitoka kwenye harufu ya hiliki na kwenye korosho yenyewe. Ute wa yai, wanangu. Huo nauandika kwa fahari, hata kama huko kwenye simu zenu mtaukuta umeshasemwa na watu mia.

"Kiganja cha nani?" Zuhura aliniuliza nilipokuwa naipima. "Maana hicho chako ni kasia."

Tukapima kwa chake. Kiganja kimoja juu ya mtindi usiotiwa kitu, yai la kuchemsha pembeni, kipande cha papai. Siku nyingine kunde na mchicha tu, granola haipo. Mchana samaki wa kupaka, wali kidogo. Vidonge, kliniki, kitambaa safi. Wiki ya kwanza hatukuona lolote. Wiki ya tatu Sista alipima sukari mara mbili kwa sababu hakuamini mara ya kwanza. Kidonda kilianza kujifunga kutoka pembeni kuja katikati, polepole mno, na kila kilipofunguliwa mimi niligeuza uso kwanza, Zuhura ananiambia kimefikia wapi, halafu ndiyo natazama. Msije mkasema granola ilimponya. Vilivyomponya ni dawa na mikono ya yule binti. Mimi niliacha kumwumiza, basi, na kwa mpishi hilo ni kubwa.

Hotelini niliwapa wageni granola mpya bila kumwomba mtu ruhusa. Meneja aliniita kuniuliza kwa nini mabakuli yamekuwa madogo. Nikamwambia asali iko mezani kwenye kibuli chake, anayeitaka ajitilie, na bakuli dogo halirudi na mabaki. Alitazama mabakuli yaliyorudi asubuhi ile, yote matupu, akarudi zake ofisini. Mpaka leo mapishi ni hayo. Nyinyi mnaoinunua dukani kwenye mfuko, someni nyuma. Kama sukari au asali au shira imetajwa mwanzo wa orodha, mnajua sasa mmeshika nini.

Kidonda kilifunga kabisa, na bamvua lililofuata, maji yalipokupwa mbali, Zuhura alishuka mwambani. Sista alimpa masharti mawili: viatu vya plastiki visitoke mguuni, na akirudi miguu ikaguliwe, kidole kwa kidole. Wanawake wenzake walimcheka kwa viatu vile, akawajibu wao wana miguu ya akiba, yeye hana. Mimi nilibaki ufukweni na ndoo ya maji baridi na taulo, mwanamume mzima, mpishi mkuu wa hoteli, na sikujali nani ananitazama.

Alirudi na pweza watatu. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, nikamwagia maji, nikafuta mguu wa kwanza, nikafuta wa pili. Nikaanza upya.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Umepata vingapi?"

"Kumi," nikasema.

Aliniwekea mkono begani.

"Basi niachie mguu wangu," akasema, "pweza anaharibika."